Ngazi Tisini na Sita

Walimpandisha Zihindula juu ya kiti cha plastiki,
vijana wanne, ngazi tisini na sita toka barabarani,
mvua imetoka kukatika, udongo wa Kadutu unateleza kama sabuni.
Mimi nyuma, na mfuko wa dawa, na viatu vyake,
nikihesabu.
Tangu siku ile sijaacha kuhesabu.

Kidonge cheupe asubuhi. Nusu ya kile cha manjano usiku:
nakikata kwa wembe juu ya sahani,
na ungaunga unaobaki nauokota kwa kidole, maana ni pesa.
Chumvi, hakuna. Mama mkwe anaonja sambaza, anaweka kijiko chini:
"Mwanangu umempikia maji?"
Nanyamaza. Kopo la chumvi nimelifukia chini ya makaa
kama mtu anayeficha bunduki.

Usiku nalala jicho moja.
Pumzi yake inakwenda, inakwenda, inakawia,
nami nakawia nayo.
Ikirudi ndipo nageuza ubavu.
Kuna usiku nilimpiga kiwiko makusudi
ili tu nimsikie akinung'unika.
Alinung'unika. Nikashukuru gizani.

Wageni wanakuja na sukari, na sabuni,
na kuku mmoja amefungwa miguu.
Mgonjwa aliamkaje? Mgonjwa anakula?
Najibu kama redio.
Wanaomba, wanaamka kuondoka,
na kila mmoja mlangoni ananishika bega: "Jikaze, mama."
Nimekazika tayari, kama kamba ya kuanikia nguo.
Hata shomoro akitua, natetemeka.

Halafu akaja Rugenge, fundi matofali wa kule Nyamugo,
ambaye mkewe Nabintu moyo ulimwangusha sokoni mwaka juzi.
Hakuuliza mgonjwa.
Alikaa kwenye kibao cha jikoni, magoti karibu na masikio.
"Na wewe," akasema, "mara ya mwisho umelala lini?"
Nikacheka. Kicheko kikanigeuka mdomoni,
nikalia juu ya sombe niliyokuwa natwanga,
naye hakusema nyamaza, hakusema Mungu yupo.
Alinipokea mchi. Akatwanga vibaya, majani yakiruka ukutani.
"Mimi nilikuwa nauchukia," akasema, bado anatwanga.
"Si Nabintu. Ule moyo wake.
Mpangaji halipi, halafu ndiye anayetutishia kuhama."

Kisha, mlangoni:
"Kesho saa nane nitakaa naye. Wewe nenda kwetu. Nabintu atakutandikia."

Nikaenda.
Nililala katika shuka la watu kama jiwe lililotupwa Kivu,
saa tatu nzima, bila kuhesabu.
Nikaamka na neno moja: nimemuua.
Nikakimbia, kandambili moja ikabaki matopeni,
ngazi nikizirukia mbili mbili.

Wako mlangoni wanacheza dame kwa vifuniko vya chupa.
Zihindula anaiba, kama zamani, mkono wa kushoto chini ya ubao.
"Umerudi mapema," akasema, bila kuinua kichwa.
Nilikasirika. Sijui nimwambie nani.
Nilikasirika kwamba ameishi mchana kutwa
bila mimi kumlinda.
Rugenge aliniangalia mguu mmoja ulio wazi,
akasogea, akanipa nusu ya benchi.

Jumapili hii ameshuka ngazi kumi na nne,
akapumzika, akaanza kupanda.
Mimi nyuma, mkono hewani karibu na mgongo wake, simgusi.
Ngazi ya tisa akasimama.
Nikasimama. Hata damu yangu ikasimama.

"Nsimire," akasema, "nasikia unahesabu."
Nikasema si mimi.
"Basi hesabu kwa sauti,
tujue wote wawili tumefika wapi."