Kidole Gumba

Baba alipima dagaa Mwaloni, Kirumba,
kwa mizani ya sahani iliyopinda shingo,
na mimi, mtoto wa darasa la tatu,
nilikiona kidole gumba chake
kikitua ukingoni kama nzi,
kikaruka kabla mteja hajafungua pochi.
"Hata samaki nusu yake ni maji, na wanalipia,"
aliniambia tukipanda kwenda nyumbani.
"Acha walipie na kidole."

Leo napima watoto.
Mizani yangu haina shingo wala kutu.
Kila asubuhi naibebesha jiwe la kilo moja
ili iape upya.

Wodi iko juu mlimani. Dirishani
mawe ya Mwanza yamepandana,
hujui lipi limembeba mwenzie.
Humu ndani wanabebwa kifuani,
ngozi kwa ngozi, kitenge fundo mbili,
na kikaratasi mguuni: MTOTO WA NYANZOBE. KE.
Wiki thelathini.
Gramu elfu moja mia moja na themanini.

Nyanzobe alivuka na kivuko cha Kamanga
uchungu ukiwa umemtangulia,
amelalia mifuko ya saruji ya mtu asiyemjua.
Hataki neno njiti.
"Njiti huwashwa, ikatupwa. Wangu mwite mtoto."
Nikalifuta kwenye daftari langu.
Kwenye fomu limebaki.

Jumanne ni zamu ya yai.
Ndivyo akina mama wanavyokiita chombo cha utafiti:
kinammeza mtoto mzima, uchi, dakika mbili,
kinapima hewa aliyoisukuma pembeni,
kisha kinatema hesabu: mafuta kiasi hiki,
na kiasi hiki kila kisicho mafuta.
Maana wawili waweza kulingana gramu kwa gramu,
mmoja amejenga misuli, ini, ubongo,
mwingine ameweka akiba tu chini ya ngozi,
na ipi kati ya hizo itamfikisha mtu miaka hamsini
bila kisukari, bila presha,
ndiyo tunayouliza.

"Kwani mafuta ni mabaya?" akasema Nyanzobe.
"Kwetu mtoto akinona, husemwa mamaye kalala vizuri."
Nikajibu: sijui.
Nilisoma miaka mitatu
hadi nikaweza kusema sijui
bila kuinamisha macho.

Wiki ya nne zikabaki gramu thelathini
mlango ufunguke.
Nyumbani ana wengine wawili,
na jirani anayewalisha ametuma ujumbe:
unga umeisha.
Hakunitazama uso, alinitazama mkono.
"Dada Sundi, bonyeza kidogo.
Thelathini ni nini?"

Ni konzi ya dagaa.
Baba angeziweka pale kabla sijapepesa.

Nikamvua mtoto soksi, kofia, nepi.
Nikazima feni, nikangoja upepo uishe.
Akanyoosha mkono, akatafuta,
akakipata kidole changu gumba
akakikamata kama anayekataa kushuka.
Namba zikacheza, juu, chini, juu,
mashine isijue nani anapimwa.

Nikamfungua, kidole kwa kidole.
Vidogo vile vina nguvu, nani angeamini.
Mkono wangu nikauficha mgongoni.
Namba ikatulia:
gramu tano chini ya jana.

Nikaandika.

Nyanzobe hakusema kitu.
Alimrudisha kifuani, akakaza fundo,
kisha akaniuliza, sauti kavu,
maziwa ya saa nane aanzie titi lipi.
La kushoto, nikasema.

Jioni, nimesimama nje ya lango,
taa za Igogo zikiwaka moja moja chini kule,
nikatoa simu
nikabonyeza, kwa gumba, namba ya jirani yake.
Elfu ishirini, ya unga.

Hiyo haimo kwenye fomu.