Zamu ya Masufuria

Mama aliteleza bombani, Isevya, wakati wa masika.
Mkono wa kulia ukarudi kutoka Kitete
umefungwa plasta, mweupe kama muhogo uliomenywa.

Siku mbili vyombo vililala nje,
kuku wakidonoa ukoko, sisi tukitazamana.
Ya tatu baba akatoa chaki mfukoni,
chaki ya stesheni, ya kuandikia mabehewa,
akachora ratiba mlangoni mwa jiko
kama zile za zamu relini:

Nyamizi, kufagia. Mihayo, maji.
Kalunde (ndiye mimi), kuloweka nsansa.
Baba, masufuria.
Mama, kupumzika.

Mama akasoma. Akainuka mkekani,
akafuta neno la mwisho kwa kiganja cha kushoto,
akaandika kwa herufi zilizolala chali:
kusimamia.

Na alisimamia kweli!
"Huo si ugali, Mihayo, huo ni uji wenye kiburi."
"Baba Nyamizi, sufuria nayo ina mgongo."
Baba akaigeuza, akasugua kwa mchanga na majivu,
yeye aliyezoea kunawa na kungoja sahani.

Ambacho sikukitarajia ni sauti yake.
Mezani alikuwa mtu wa "nipe chumvi", basi.
Lakini pale, amechuchumaa, macho kwenye masizi,
mgongo kwetu, povu hadi viwiko,
maneno yalimtoka kama maji ya mgao:
kwanza hewa, kisha kutu,
kisha yakaja.
Akatusimulia habari za mdogo wake, Kasanda,
aliyefia Malongwe akingoja treni
ya kumleta hospitali. Ilichelewa saa tisa.
Zamu ilikuwa ya baba.

Hatukujua kama tuliwahi kuwa na baba mdogo.
Nyamizi alisimama na fagio lake, hafagii.
Mihayo akaendelea kummiminia maji,
kidogo, kidogo sana,
ndoo isiishe upesi.

Plasta ilipokatwa, mama alikunja vidole, akavikunjua,
akaenda moja kwa moja kwenye beseni
akanyoosha mkono kulichukua dodoki.
Baba hakuliachia.
"Leo Alhamisi. Tazama mlangoni."

Mama akatazama. Chaki ilikuwa imefifia,
neno lake tu ndilo lililosomeka vizuri.
Akavuta kigoda, akaketi ubavuni mwake,
akatumbukiza mkono mwembamba, uliopauka, ndani ya povu.

"Sogea basi.
Na ile ya uji hujaimaliza."