Hesabu ya Ukutani

Gari liliuzwa matanga hayajaisha.
Gereji ikabaki na doa lake,
doa la oili lenye umbo la figo,
na kuta za bloku, uchi kama fundi alivyoziacha
mwaka ule baba alipoishiwa kwenye lipu
akasema: gari halijali ukuta.
Alisema kweli. Ila cherehani hujali.
Shati jeupe la shule likigusa bloku mara moja
linarudi na kijivu begani,
na mama wa mtoto hataki kusikia habari za saruji.

Basi Jumatatu, mwamba wa Tororo ungali umejitanda ukungu,
nikajifunga kitambaa puani,
nikashika brashi ya waya.
Kwaru, kwaru.
Utando wa buibui, viota vya nyigu, saruji iliyochuruzika
ikagandia kwenye viungo kama ugali ukingoni mwa sufuria.
Mji huu husaga mawe usiku na mchana;
vumbi hili nalijua, tumelinywa na uji.

Chini, karibu na sakafu, ukuta ulikuwa umetoa chumvi,
nyeupe, nyepesi,
kama shavu la mtoto aliyelia akalala
pasipo mtu kumfuta.
Niliifuta. Kesho yake ikarudi.
Nikaifuta tena.

Muuza rangi karibu na stesheni alinionya:
Dada, bloku ni mlevi.
Mnyweshe maji kwanza, kisha chokaa,
la sivyo atakunywa debe lako zima
na bado atakuangalia.

Nyaketcho, mtoto wa kaka, alishika ngazi.
Ndiye aliyeona maandishi,
pale msumari ulipobeba tairi la akiba miaka yote,
kalamu ya risasi, herufi za mtu mwenye haraka:

*Mifuko 31. Mchanga tripu 4.*
*Nimepokea 180. Bado 65. Obbo.*

Na chini yake, mkono wa baba, ule wa kulalia kushoto:

*Mwisho wa mwezi.*

Mwezi gani, hakuandika.

Nikaendelea na kuta nyingine.
Rangi huhesabiwa kwa mikono.
Mkono wa kwanza ulizama, ukaacha vitundu
elfu, vyeusi, kama mkate uliochomwa vijiti.
Mkono wa pili ukaanza kukaa.
Rangi ya maziwa, si nyeupe; nyeupe ina majivuno.
Rola ililia njia nzima, nikaipaka mafuta ya kupikia.
Siku tatu nililizunguka bloku lile
kama mtu anayefagia akikwepa mguu wa mgeni.

Alhamisi nikaipata namba yake Nagongera.
Sauti ya mzee, kuku nyuma yake.
Nikajitaja, nikamtaja baba, nikalisoma deni.
Kimya. Kisha:
Kuta zimesimama?
Zimesimama.
Hazina ufa?
Upo mmoja, juu ya mlango, mwembamba. Nimeuziba.
Akapumua.
Huo ni wangu, akasema. Nilikuwa na homa siku ile.
Toa elfu tano.

Nilitaka kumwambia kwamba sitini ya siku zile
na sitini ya leo si ndugu,
kwamba wakati ule ilinunua mbuzi na kamba yake.
Alijua. Mimi pia nilijua.
Nikatuma sitini, na ya kutolea.
Nusu saa baadaye akapiga tena, si kwa ajili ya pesa:
Umelowesha ukuta kabla ya chokaa?
Nimelowesha.
Haya, mwanangu.

Nyaketcho alikuwa chini ya msumari, shingo nyuma,
akisoma kwa kidole hewani, *mwi-sho wa mwe-zi*.
Shangazi, tupake na hapa?

Ngazi niliishika mimi.
Brashi nikampa yeye.