Moja kwa Hamsini

Kazi ya kwanza ya muhula, alisema Mwalimu Nyagilo,
ni kupima chumba unachokijua hata gizani.
Kila ukuta, kila kona, mlango na unakofungukia.
Karatasi ya A2. Penseli tu. Ijumaa.

Lwanda alipima sebule ya ami yake kule Milimani,
yenye ngazi inayopinda kama shingo ya korongo.
Akeyo alipima maktaba ya kanisa.
Mimi nilivuka mto Auji, tepu mfukoni,
nikarudi Nyalenda, chumba namba saba,
futi kumi kwa kumi, alivyosema mwenye ploti.

Futi tisa na inchi nane. Nilipima mara tatu.
Miaka kumi na minne mama amelipia inchi ambazo hazipo.

Nikachora kitanda juu ya matofali, manne kila mguu.
Nikachora jiko la makaa, karai la mandazi,
mitungi miwili ya maji, rafu ya vyombo.
Na ukutani ile alama, imenyooka kana kwamba ilipigiwa rula,
sentimita arubaini na moja toka sakafuni:
hapo ndipo mto uliposimama Mei ile,
ukatutazama tumejikunyata kitandani,
ukafikiri,
ukarudi.
Nayo nikaitia kwenye mkato. Ni kipimo kama vipimo vingine.

Shida ikawa pazia.
Mchana limepigwa fundo, halipo.
Saa mbili usiku ni ukuta: upande huu Mmbone anabadili nguo,
upande ule Kahi anajifunza kutosikia.
Mwaka Mmbone alipovunja ungo, mama alilisogeza hatua moja,
hakueleza, hakuulizwa;
misumari ya zamani ingali kwenye boriti.
Darasani tumefunzwa: ukuta ni mistari miwili minene,
na kilicho juu ya kichwa ni mstari wa vidoti.
Heshima je, huchorwaje?
Nilichora, nikafuta, nikachora, nikafuta,
hata karatasi ikaota manyoya.

Usiku mama akaja kutazama, mikono imetoka kwenye mafuta.
Akatembea humo kwa macho: mlangoni, jikoni, kitandani,
akajikwaa penye rafu.
"Hii umeisogeza."
Kweli. Milimita mbili, yaani sentimita kumi.
Aliacha shule darasa la sita, huyu.

Kisha akauliza, "Na watu?"
Nikamwambia ramani haiwekwi watu, mama, ndivyo inavyofanywa.
"Nyumba njema si mlango," akasema, sauti ileile ya kuuliza chumvi,
akabandika kidole gumba pale anapokaa alfajiri
akikanda unga sisi tumelala.
"Basi mimi niko hapa."

Karatasi ikayanywa mafuta.

Nililia kidogo. Ilikuwa saa saba usiku,
na karatasi ya pili sikuwa nayo, wala hela yake.
Nikaipeleka hivyo hivyo.

Mwalimu Nyagilo huzibandika kazi zetu kwenye kioo cha dirisha,
jua la Kisumu lizikague kabla yake.
Akauliza vidoti vya pazia; nilijieleza vibaya.
Akauliza ule mstari wa sentimita arubaini na moja.
Nikasema, "Maji."
Hakuandika kitu.
Akainama penye doa, la duara, lililong'aa
kuliko karatasi yote iliyobaki.
"Umeandika chumba kina dirisha moja.
Hili la pili ni la nani?"

Lwanda alicheka. Mimi nilikuwa napiga hesabu:
moja kwa hamsini,
kidole gumba cha mama, sentimita mbili,
kina upana wa mita moja kamili,
nafasi ya mwanamke mmoja aliyekaa chini,
magoti kando, beseni katikati.