Kitufe cha Kukohoa

Vibanda viwili, kaviunda seremala wa Chikongola:
mbao nyepesi, kioo upande wa mbele,
ndani kabandika sponji la godoro
sauti isigonge ukuta ikamrudia msemaji.
Feni hairuhusiwi. Feni nayo husema.
Bangili nimevua, nimezifunga kwenye leso:
mikrofoni husikia dhahabu kabla ya neno.

Fundi Namtumba kapita na kikapu cha visikilizio,
kila mjumbe kimoja, kama mgao wa maandazi.
"Namba moja Kiswahili, namba mbili Kireno.
Ukisikia mvumo mtupu, betri imekufa, nyoosha mkono."
Mwenyekiti wa upande wa Msumbiji
kakivaa juu ya kofia. Tukamwacha.

Kazi yenyewe si uchawi.
Sikio hutangulia, mdomo hufuata nusu sentensi nyuma,
kama mtu avukaye kijito kwa mawe,
mguu uko hewani, jiwe la pili hajaliona.
Dakika thelathini zangu, thelathini za Adelina.
Zikiwa zangu, yeye hushika kalamu aniandikie tarakimu,
maana namba ndizo hutoroka kwanza:
mitumbwi 14. Abiria 9. Saa 11 alfajiri.

Baada ya chai akasimama Rozalia Nankoma
wa ng'ambo ya Ruvuma, akasema Kimakonde.
Ratiba haikukitaja. Kimakonde hakina chaneli.
Ukumbi ukageuka kututazama sisi wa kwenye vioo.
Hokororo wa kibanda cha pili, mtoto wa Newala,
akavuta kiti mbele: "Hii ya nyumbani. Niachieni."

Sasa neno linapita nyumba mbili.
Yeye analipokea Kimakonde, analitoa Kiswahili;
mimi nalidaka lingali moto, nalipeleka Kireno.
Kati yetu ubao, unene wa kidole,
lakini sikioni Hokororo yuko mbali,
utadhani anaongea kutoka Newala kwenyewe.

Sheria ya kibanda: usiseme "anasema kwamba".
Ukikaa hapa, wewe ndiye.
Yule mama anasema *nangu*,
Hokororo anasema *mimi*,
mimi nasema *eu*.

*Nangu* alikuwa ameshika kamba.
*Mimi* nilikuwa nimeshika kamba.
*Eu*, na mkono wangu umekunjika juu ya meza, mtupu.
"Mtumbwi ulijaa. Mwanangu alikaa mbele."
Mwanangu. Kiswahili kimeridhika hapo.
Kireno kinanidai: wa kike au wa kiume?
Mwenyekiti kagusa kofia, wajumbe wanasubiri,
nami naning'inia kwenye sentensi isiyo na sakafu
hadi jina likaja: Delfina.
Adelina akaandika 6.
Hakuandika sita nini.

Mimi sijazaa.
Nikasema, kwa sauti kavu,
maana mkalimani akitetemeka watu humtazama yeye:
nilimpoteza binti yangu, maji yalinifika hapa.
Hapa wapi? Waya haukubeba.
Nikainua macho. Ndiyo kazi ya kioo.
Kiganja cha Rozalia kilikuwa chini ya kidevu.
*Kidevuni,* nikasema, *maji yalinifika kidevuni.*

Pembeni ya mikrofoni kuna kitufe chekundu.
Kinaitwa cha kukohoa. Ukikibonyeza, hawakusikii.
Waliokibuni walifikiria vikohozi, na labda chafya.
Nikakibonyeza.
Chaneli ya pili ikawa kimya sekunde tatu, nne.
Namtumba akaanza kupapasa betri mfukoni.

Kisha nikaachia, nikaendelea. Alikuwa bado anazungumza.

Saa kumi visikilizio vikahesabiwa mara mbili,
vikafutwa kwa spiriti, vikalazwa kikapuni.
Hokororo akaomba maji, akanywa chupa nzima, hakusema kitu.
Nikapita soko kuu kununua fungu la vibua.
Nikasema, "Mimi nataka hili."
Muuzaji akaniangalia, kisu mkononi:
"Unajinunulia mwenyewe, dada, au umetumwa?"
Na kidole gumba, juu ya meza yenye magamba,
kikawa kinatafuta kitufe.