Kabla ya Baraka

Kabla ya baraka, Bosibori akafunua daftari:
Jumamosi usafi, choo cha akina mama kimeziba;
Jumapili ya mavuno yahitaji sufuria kubwa tatu
na mikono ya kumenya viazi, gunia zima.
Shule ya watoto haina mwalimu tangu Pasaka.

Kalamu ikazunguka, benchi hadi benchi,
ikarudi na wino wake wote.
Sote tulikuwa tumeinamisha vichwa;
ungedhani tunasali.

Jumamosi, Kawangware imelowa,
nilipitia tu kuchukua mwavuli niliousahau.
Nikamkuta Wekulo, asiyesikia hata kengele,
suruali kaikunja magotini, anazibua.

Akavitazama viatu vyangu.
Akanisogezea ndoo.