Sogea Kidogo

Somoe alikuwa amepima magunia arobaini na moja
pale ghalani Kitama, tangu saa moja asubuhi:
jina, kilo, daraja. Jina, kilo, daraja.
Kidole gumba kimeshika weusi wa utomvu,
betri asilimia nne.
Shemeji yake wa Nanyamba akapiga kuuliza bei ya unga.
Dakika mbili tu. Alipokata,
programu ikafunguka upya, nyeupe,
imetandikwa kama kitanda cha mgeni.

Programu hiyo niliiandika mimi,
Chikongola, chumba cha uani, feni inayozungukia upande mmoja.

"Umekula magunia yangu," akaniambia.
Nyuma yake nilisikia watu wakicheka
kicheko cha watu walioshika risiti za mwaka jana.

Nikamjibu kitaalamu. Nikasema, sikuarifiwa kuwa inafungwa.
Na ni kweli. Amri ya kuhifadhi nilikuwa nimeiweka mlangoni kabisa,
pale programu inapoaga,
nikidhani kila anayeondoka huaga.

Haiagi.
Simu ikielemewa humzima yule asiyeonekana,
bila kelele, bila kumpa hata nafasi ya kuvaa viatu.
Kabla ya hapo husema neno moja, tena kwa adabu:
sogea kidogo, kuna mtu anapita.
Ndilo hilo. Halirudiwi.

Baba naye waliwahi kumwambia asogee kidogo,
wodini Ligula, kitanda cha dirishani,
apishwe kijana wa bodaboda mwenye dripu.
Nikabeba chupa ya chai na kanga, nikamsogeza.
Nilikuwa na swali la mikorosho saba ya Mnyawa,
ile ya kwenye mpaka, ni yetu au ya Baba Mdogo Ndembo.
Nikaona amechoka. Nikaliweka kesho.

Sasa mikorosho saba inaokotwa na kila anayewahi kuamka.

Kitama walipanga mstari upya.
Somoe alisimama juu ya kreti akauliza kila mmoja kilo zake,
na Bi Esha Nachipo akataja sitini na tatu na nusu,
hiyo nusu akiitamka kwa mkazo.
Mmoja tu aliongeza mbili.
Wote walimjua, wakamrudisha kwenye mizani.

Usiku huo nikaing'oa amri mlangoni
nikaipanda ndani, chini ya kila gunia:
likishuka moja, andika. Usingoje la pili.
Na neno "sogea" likisikika, andika tena,
hata kama umeandika sasa hivi.

Somoe hakushukuru. Alisema inamchosha,
kila gunia, *imehifadhiwa*, kila gunia, *imehifadhiwa*,
kama mtoto aliyetumwa chumvi
anayeirudia njia nzima hadi dukani.

Nikamwambia nitapunguza maandishi.
Sijapunguza.
Jumamosi ninapanda gari la Mnyawa na daftari,
Baba Mdogo yuko nyumbani, amepata kikohozi kidogo,
anasema si kitu.